Mawe Hai ya Mama Konsolata

Yonas wa Dongobesh alikuwa ameshakula maandazi mawili, na la tatu liko njiani, alipogundua kwamba kabati la vioo lililotunza maandazi hayo halikuwa kabati.

Lilikuwa tangi la samaki. Tangi halisi: vioo vinene kama kidole gumba, gundi nyeusi kwenye pembe, na tundu la bomba upande wa nyuma lililozibwa kwa kitambaa ili nzi wasiingie. Mtu mwingine yeyote mle hotelini, pale kando ya barabara kuu ya Katesh, angeona maandazi tu. Lakini Yonas alikuwa amefanya kazi miezi kumi na minne Dar es Salaam, nyumbani kwa tajiri mmoja, akisugua vioo vya tangi kama hilo, mpaka siku alipoamua kuliosha kwa sabuni ya unga. Samaki wa tajiri walielea wote kwa pamoja, na Yonas akarudi bara kabla hata ya nguo zake kukauka kwenye kamba.

Tangu hapo aliishi kwa mdomo. Alishawahi kuuza dawa ya kunenepesha kuku, ramani ya madini, na shamba moja la Mogitu ambalo hadi leo mwenyewe hajui kwamba liliuzwa. Alikuwa na sura ya upole, shati safi, na sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani.

"Shikamoo mama," alimwambia mwenye hoteli.

"Marahaba mwanangu. Chai imepoa?"

"Chai iko sawa. Ninayemwonea huruma ni huyu," akaonyesha tangi. "Ulimpata wapi?"

Mama Konsolata alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye mwili wa kutosha na sweta la zambarau ambalo hakulivua mwaka mzima kwa sababu ya upepo unaoshuka kutoka mlimani. Aliegemea kaunta. "Nililinunua mnadani Arusha. Waliniambia ni la kuwekea keki. Keki hapa nani atanunua? Nikaweka maandazi."

"Mama, hili ni tangi la samaki wa baharini."

"Hapa Katesh?"

"Ndiyo maana nasema namwonea huruma."

Mama Konsolata alitazama nje. Ng'ambo ya barabara, kwenye baa ya Patriki, kulikuwa na televisheni mpya yenye ukubwa wa mlango, na mbele yake wanaume thelathini waliokuwa wateja wake mwezi uliopita. Yonas aliufuata mtazamo huo kama mbwa anavyofuata harufu ya nyama.

"Patriki ana mpira," alisema taratibu. "Mpira unaisha baada ya dakika tisini. Wewe ungekuwa na bahari."

Na hapa ni lazima tumtendee haki Yonas. Kila neno alilolisema katika nusu saa iliyofuata lilikuwa la kweli, kwa kuwa alilisikia kwa fundi wa yule tajiri alipokuwa anasugua vioo. Tapeli wa kawaida anadanganya. Tapeli mwenye kipaji husema kweli mpaka pale mkono wake unapoingia mfukoni mwako.

"Samaki hatuwaweki kwanza," alieleza. "Tukiwaweka leo, keshokutwa wamekufa. Samaki anakojoa, mama."

"Nani hakojoi?"

"Lakini yeye hana pa kwenda. Mkojo na mavi vinabaki humo humo. Unajua ule ukali unaochoma macho ukifungua banda la mbuzi asubuhi? Ile ni amonia. Ndiyo inayowaua."

"Sasa huko baharini wanaishije?"

"Kuna mawe hai." Yonas alishusha sauti. "Jiwe lina matundu madogo madogo, na ndani ya matundu wanakaa bakteria. Kuna kabila la kwanza, hilo linakula amonia na kutoa sumu nyingine. Kuna kabila la pili, hilo linakula sumu hiyo ya pili na kutoa kitu ambacho samaki hakimsumbui. Wewe unabadilisha maji kidogo kila Jumamosi, basi. Bila hayo mawe, hata uwe na pampu kumi, unafuga maiti."

"Hao bakteria wanaonekana?"

"Hawaonekani."

"Na wanachukua muda gani kuzaliana?"

"Wiki sita, mama. Wiki sita tangi linakaa na maji na mawe tu, bila samaki. Ukiharakisha umeharibu."

Hebu tazama uzuri wa biashara hiyo. Bidhaa haionekani kwa macho, na mteja haruhusiwi kulalamika kwa siku arobaini na mbili. Katika muda huo mtu mwenye pesa kidogo anaweza kufika Mwanza, kuoa, na kuachika.

Mama Konsolata alikuwa akipiga hesabu zake mwenyewe. "Picha na samaki, shilingi elfu moja," alinong'ona. "Watoto mia tano. Wazungu wanaokuja kupanda mlima, elfu kumi."

"Wazungu usiwaonee huruma. Elfu kumi na tano," Yonas alimshauri.

Akataja milioni mbili, za mawe kutoka Bahari ya Hindi, chumvi, pampu na usafiri. Mama aliingia chumbani, akatoka na pesa ndani ya kitenge, akazikabidhi bila kupepesa. Maandazi yakahamishiwa kwenye ndoo.

Yonas aliaga kwamba anakwenda pwani. Alikwenda Balangida, lile ziwa la chumvi lililo upande wa pili wa mlima, mwendo wa saa chache kwa toyo ya kukodi, ile pikipiki ya mizigo. Akaokota ufukweni mawe yenye ukoko mweupe wa magadi, magunia matatu. Akachota na gunia la chumvi ya pale pale. Kisha alikaa Babati siku nne akila nyama choma, kwa kuwa pwani ni mbali na ni lazima mtu aonekane amechoka.

Aliporudi, aliyapanga mawe tangini kama padri anavyopanga altare. Akawasha kipampu alichonunua kwa fundi redio. Maji yakazunguka. Watu wakaingia kutazama, na wa kwanza alikuwa mzee Bura, mfugaji aliyemletea Mama Konsolata mbuzi wa supu kila wiki. Alisimama mbele ya kioo, fimbo mabegani, akatazama muda mrefu.

"Naona mawe," alisema.

"Shikamoo mzee. Ndani ya mawe hayo kuna viumbe mamilioni," Yonas alimjibu.

"Vya nani?"

"Vya Mama Konsolata."

"Vimewekwa alama?"

"Haviwekwi alama, mzee. Havionekani."

Bura alitafakari. "Basi vikiibwa utajuaje?" akauliza, na Yonas akaanza kupangusa kioo.

Mama Konsolata alichovya kidole majini, akakilamba, akakilamba tena. "Bahari kweli ni chumvi," alisema, akarudi jikoni.

Kesho yake alfajiri Yonas alikuwa ameshafunga begi. Basi la Singida lilipita saa mbili. Alikuwa amebakiza kunywa chai tu, na chai aliiletewa na Mama Konsolata mwenyewe, ambaye alivuta kiti akakaa.

"Fundi, nimepiga simu jana," alisema. "Nimejisifu, nikajikuta nimekutafutia kazi. Wapo watu wanne wanataka tangi kama hili. Mmoja ana hoteli Mbulu. Mwingine ana maduka Babati. Wa tatu ni mkulima wa ngano kule Basotu, huyo pesa zake hata yeye hazijui. Na yupo mjane mmoja Nangwa, ana trekta tatu."

Kikombe cha Yonas kilisimama hewani.

"Nimewatajia milioni nne nne," Mama aliendelea. "Wamekubali. Ila ni watu wa huku, unawajua, wagumu. Wanataka kwanza waone samaki yuko hai kwenye tangi langu. Akiogelea, wanalipa siku hiyo hiyo."

Basi la Singida lilipiga honi, likasimama, likaondoka. Yonas alikuwa anazidisha nne kwa nne.

Sasa ugumu ulikuwa huu: ili apate hizo milioni kumi na sita za utapeli, ilibidi afanye kazi halali. Na kazi halali ilimtisha, kwa sababu hakuwa na uzoefu nayo. Alimpigia yule fundi wa Dar es Salaam, akamwomba radhi kwa habari ya sabuni, akaeleza anachotaka. Fundi alicheka mpaka salio la Yonas likaisha, kisha akapiga mwenyewe.

"Maji ya magadi?" alisema. "Humo samaki ataiva. Mwaga yote. Nitakutumia mawe ya matumbawe makavu, chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, pampu ya maana, hita, na chupa za kupimia. Halafu subiri."

"Wiki sita kweli?"

"Ulifikiri nilikuwa natania?"

Ile milioni mbili ikaondoka. Haikutosha, na simu yake ya kioo ikaifuata, akabaki na kitochi cha vitufe. Mizigo ilipofika kwa basi alimwambia Mama Konsolata kwamba mawe ya kwanza "hayakukomaa vizuri," na Mama akamwambia, "Wewe ndiye unayejua, fundi," akampa ndoo ya kumwagia maji.

Mawe mapya yalikuwa meupe, makavu, mepesi, yametobokatoboka kama mkate. Yalikuwa mafu kabisa. Hilo ndilo lililomshangaza Yonas: uhai haukuja na jiwe, jiwe lilikuwa nyumba tupu ya kupanga, na wapangaji ilibidi wangojewe. Ili waje, ilibidi kuwe na kitu cha kula. Akadondosha tangini kipande cha perege mbichi wa Ziwa Basotu na kukiacha kioze.

Kikaoza vizuri. Loveness, binti aliyehudumia meza, alianza kutembea na leso puani. Wateja wakauliza kama ni kweli kwamba siku hizi Mama Konsolata ameajiri mtu wa kulisha mawe samaki.

Kila asubuhi Yonas alichota maji kwenye kichupa, akadondosha dawa, akatikisa, akangoja rangi. Siku ya nne maji yaligeuka kijani. Siku ya nane kijani kibichi kama majani ya mpunga. Amonia ilikuwa juu. Siku ya kumi na sita kijani kikapungua, na dawa ya chupa ya pili, ile inayopima sumu ya pili, ikatoa zambarau.

"Kabila la kwanza wamefika!" alimwambia Loveness, ambaye alikuwa anabeba sahani sita.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amesema jambo la ajabu bila kutegemea kulipwa. Alijishtukia, akanywa chai.

Zambarau haikuondoka. Siku ya ishirini, zambarau. Siku ya ishirini na saba, zambarau. Mama Konsolata alipita na kikapu cha vitunguu. "Hilo kabila la pili limechelewa magari au?"

"Wanazaliana polepole, mama."

"Hata wewe umekonda. Kula."

Akawa analala kwenye chumba cha nyuma, anakula bure, na asubuhi anakwenda kwenye tangi kabla ya kunawa uso. Mtu akigonga kioo, alimkaripia. Kijana mmoja wa kwa Patriki aliposema, "Hilo ni karai la mawe tu," Yonas alimfuata hadi barabarani akimweleza habari ya amonia, na yule kijana akaingia baa na kufunga mlango.

Siku ya thelathini na tatu, saa tatu asubuhi, umeme ulikatika.

Pampu ikanyamaza. Yonas alingoja dakika kumi, ishirini. Akauliza mtaani; walisema nguzo imeanguka, mafundi wanatafutwa. Jenereta ya Mama Konsolata ilikuwa kwa fundi tangu Pasaka.

"Kwani samaki si hawapo?" Loveness aliuliza. "Nani anaumia?"

"Bakteria wanapumua," Yonas alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Maji yakisimama, hewa inaisha. Watakufa wote. Tutaanza upya."

Akachukua jagi. Akachota maji ya tangi, akayainua, akayamwaga kutoka juu ili yaingie na hewa. Akachota tena. Mama Konsolata alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama. Kisha akamtuma Loveness alete mablanketi ya vyumbani, wakalivika tangi pande tatu ili lisipoe.

Saa sita Yonas alihamishia jagi mkono wa kushoto. Mzee Bura alikuwa amekuja kudai pesa za mbuzi, akaweka fimbo yake ukutani.

"Lete," alisema. "Wanapumua kama ndama?"

"Kama ndama, mzee. Wadogo zaidi."

Bura alimimina polepole, kwa upole kabisa, akihesabu kwa lugha yake, Kibarabaig. Walipokezana hivyo mpaka saa kumi na mbili jioni taa zilipowaka. Mabasi manne ya Singida yalipita siku hiyo. Yonas hakuliona hata moja.

Siku ya arobaini na tatu alitikisa vichupa vyote viwili. Cha kwanza kilikuwa njano. Cha pili kilikuwa bluu hafifu, bila tone la zambarau. Hakuna amonia. Hakuna sumu ya pili. Aliviinua juu, akaenda navyo jikoni, akamwonyesha Mama Konsolata, akamwonyesha Loveness, akamwonyesha mpishi ambaye hakuuliza kitu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, akasema ni vitunguu.

Samaki wawili walikuja kwa basi ndani ya deli la plastiki, kila mmoja kwenye mfuko wake uliojazwa hewa. Walikuwa rangi ya chungwa, na mistari myeupe kama waliovaa jezi. Yonas aliwazoesha maji kidogo kidogo kwa mpira wa dripu alionunua duka la dawa, saa nzima, huku hotelini watu wamesimama juu ya viti. Kisha akawaachia. Walizama, wakajificha nyuma ya jiwe. Halafu mmoja akatoa kichwa, akatazama Katesh, akaona inafaa, akaogelea.

Kelele zilizopigwa zilimtoa Patriki mwenyewe baani. Alivuka barabara, akaagiza chai, akalipa elfu moja ya picha bila kuomba punguzo.

Siku tatu samaki walikuwa hai. Siku ya nne Yonas alinyoosha shati lake kwa pasi ya mkaa, akamfuata Mama Konsolata kaunta.

"Mama, wale wateja wako wanne. Waambie sasa waje."

"Wateja gani?"

"Wa Mbulu. Wa Babati. Mkulima wa ngano. Mjane wa trekta tatu."

"Aaa, hao." Mama Konsolata aliendelea kufuta kaunta. "Hao hawapo, mwanangu. Niliwatunga usiku ule kitandani. Yule mjane nilimpenda sana, nikamwongezea trekta moja."

Yonas alishika ukingo wa kaunta.

"Mimi nimezaliwa kule kwenye Balangida," Mama alisema, bila hasira hata kidogo. "Utotoni tulikuwa tunakwangua magadi kwenye mawe yale, tunayapeleka mnadani. Uliponiwekea tangini niliyajua kabla hujamaliza gunia la kwanza. Lile kubwa nadhani niliwahi kulikalia."

"Kwa nini hukuniitia polisi?"

"Polisi wangekuchukua wewe, mimi ningebaki na mawe. Mimi nilitaka samaki."

Yonas alihisi hasira, kisha aibu. Mwishoni alimtazama yule samaki wa chungwa akizunguka kwenye mawe ambayo sasa yalikuwa yameanza kuota rangi ya kahawia, na akagundua kitu kilichomuudhi kuliko vyote: hakuwa tayari kuondoka. Kubadilisha maji ilikuwa Jumamosi.

Hapo ndipo gari jeupe liliposimama nje. Akashuka mwanamume mnene mwenye koti la suti, Alfredi, mwenye nyumba ya wageni Mbulu, mtu halisi kabisa ambaye hakutungwa na yeyote. Alikuwa ameona picha kwenye simu. Alizunguka tangi mara mbili.

"Nani fundi wa hiki kitu?"

"Mimi," alisema Yonas. Na kwa kuwa siku hiyo alikuwa amevunjika, akasema ukweli wote. "Lakini nikwambie mapema, mzee. Mawe yanakuja makavu, hayana kitu ndani. Wiki sita hakuna samaki, unangoja bakteria ambao huwaoni. Kutakuwa na harufu. Umeme ukikatika utachota maji kwa jagi kutwa nzima. Na hata hivyo naweza kukosea, maana hili ndilo la kwanza."

Alfredi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Kijana," alisema, "mimi nina umri wa baba yako. Nilipie mawe matupu na wadudu wasioonekana, halafu ningoje wiki sita? Katafute wajinga wengine." Akageukia mlango.

"Bwana Alfredi!" Mama Konsolata alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta na kiti mkononi. "Kaa, kaa kwanza. Loveness, lete chai ya mgeni. Usimsikilize, baba. Huyu amesomea Japani. Kule wanawafundisha kujishusha, hawaruhusiwi kusifu kazi zao. Akikwambia anaweza kukosea, ujue hajawahi."

Alfredi alisimama. "Japani?"

"Miaka saba. Na mawe yenyewe yanatolewa kwenye kina ambacho jua halijawahi kufika. Wazamiaji wanashuka na kamba. Mimi nililipa milioni tano, lakini wewe ni jirani, nitaongea naye."

Alfredi aligeuka polepole. Alimtazama Yonas tena kuanzia viatu hadi nywele, na safari hii kila alichokiona kilikuwa kimepanda bei. Kisha, kwa heshima kubwa, akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa.

Yonas alimtazama Mama Konsolata. Akamtazama samaki. Akainama pia, zaidi kidogo, kama mtu aliyefundishwa.

Walipokubaliana bei, Alfredi alilipa nusu papo hapo, akaahidi kuleta gari Jumatatu, akatoka akipiga simu kwa mkewe. Mama Konsolata alihesabu noti mbili tatu za juu, kisha akapitisha fungu zima ndani ya sweta la zambarau.

"Mama," Yonas alinong'ona, "akiniuliza njiani Japani iko upande gani, nimjibu nini?"

"Upande wowote," alisema Mama Konsolata, akarudi kwenye maandazi yake, "alimradi siyo Mbulu."